Diski Mbili na Wingu Dogo: Jinsi Nilivyopanga Nakala za Akiba Nyumbani

Kabla ya kununua kifaa chochote, nilitenganisha vitu visivyopatikana tena vikishapotea, yaani picha za familia, hati zilizoskaniwa na sauti za wazee wetu, na vile vinavyoweza kupakuliwa upya wakati wowote. Baada ya mchujo huo zilibaki takriban GB 200, na kiasi hicho ndicho kilichoamua mengi.

Wengi wetu huamini kwamba picha zikishapanda Google Photos ziko salama. Huduma hiyo ni mkombozi simu inapoibwa, lakini mtoto akichezea programu yake na kufuta albamu, picha hutoweka kwenye simu na kwenye wingu (hifadhi ya mtandaoni) pia, na katika pipa la taka hukaa siku 60 tu. Isitoshe, tangu Juni 2021 picha mpya zinahesabiwa ndani ya GB 15 za bure, ambazo Gmail nayo inazitumia. Kupandisha GB 200 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua karibu siku 4 mfululizo, iwapo umeme hautakatika, na mwenye kutegemea bando atajua mwenyewe gharama yake. Kwa hiyo wingu nimeliachia vyeti na hati chache tu.

Kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, inataka nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa maoni yangu sharti la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa mwizi anayebeba laptop hataiacha diski iliyo kando yake, na moto hauchagui. Nimenunua diski mbili za nje: moja inakaa kabatini, na huchomekwa wakati wa kunakili tu, kwa sababu virusi vya kudai fidia vya aina ya WannaCry, vilivyosambaa Mei 2017, hufunga kwa msimbo wa siri hata mafaili ya diski iliyounganishwa; nyingine inakaa kwa dada yangu, nasi huzibadilishana ninapokwenda kumtembelea.

Flashi nilizikataa. Madukani zipo zilizoandikwa TB 2 kwa bei ya kutupa, ambazo hupokea mafaili bila kulalamika na kuonyesha majina yake yote, ilhali kumbukumbu halisi ilijaa zamani na picha hazifunguki. Programu ya F3 huzibaini kwa kuijaza flashi nzima kisha kuisoma upya. Diski nazo nazijaribu kwa kurejesha folda moja kwenye kompyuta nyingine na kufungua mafaili yake.

Diski zote mbili zimefungwa kwa nenosiri, na kwa kuwa likisahaulika hakuna fundi wa kuzifungua, mke wangu analo limeandikwa kwenye karatasi, pamoja na maelezo ya hatua za kufuata.