Kristin Afika Kibokoni

Treni ya Nairobi inakushusha Miritini, mbali na Mombasa yenyewe, na hapo safari inaanza upya: makanga wanagombania begi lako, jasho linakutoka kabla hujajibu salamu, na matatu haijajaa kwa hiyo haiondoki. Mkononi nilikuwa na kitabu kizito kuliko nguo zangu zote za harusi: Kristin Lavransdatter, riwaya ya Sigrid Undset wa Norway, zaidi ya kurasa elfu moja katika tafsiri ya Kiingereza. Tangu Nairobi nilikuwa nimezama ndani yake, hata Tsavo ilipita sikuitazama. Ndovu watanisamehe.

Nyumbani kwa shangazi, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, shughuli ya harusi ilikuwa imeshapamba moto. Wanawake wamejaa ukumbini, masinia ya mchele mapajani, wanachambua. Nikaamkia mmoja mmoja, nikapewa mahamri na mbaazi, kisha nikapewa sinia langu.

"Na hilo buku, la nini?" shangazi akauliza.

"Hadithi ya mwanamke na nyumba yake, shangazi. Zamani, Ulaya huko, kwenye baridi."

"Nyumba aliyorithi au aliyoolewa?"

Nimesoma maoni mengi ya wasomi kuhusu riwaya hii na sikumbuki hata mmoja aliyeanzia hapo. Basi nikasimulia. Kristin alizaliwa mwaka 1302, binti wa Lavrans, mwenye shamba la Jørundgård katika bonde la Gudbrandsdal. Baba akamposesha kwa Simon, kijana mtulivu wa ukoo mzuri. Binti akampenda Erlend, mwanamume mzuri wa sura aliyekwishazaa na mke wa mtu. Akashikilia mpaka baba akasalimu amri, na siku ya harusi akavaa taji la bikira huku ana mimba.

"Astaghafirullah," akasema mama mmoja, mikono ikasimama juu ya mchele. "Endelea."

Alipofika Husaby, kwa mumewe, alikuta uchafu, watumishi wasio na bwana, ghala za ovyo. Hapo Undset anafanya jambo ambalo waandishi wengi wa riwaya za kihistoria hawalithubutu: anakaa nyumbani. Wafalme na vita wanapita mbali, na sisi tunabaki na bi mwenye funguo kiunoni, anayehesabu nafaka, anayepika pombe ya sikukuu, anayezaa mwana mmoja baada ya mwingine. Erlend anapojiingiza katika njama dhidi ya mfalme na kunyang'anywa Husaby, sisi hatushtukii siasa; tunawaza watoto wale watakula wapi.

Mwandishi mwenyewe alilijua jiko. Alizaliwa mwaka 1882. Baba yake, mtaalamu wa mambo ya kale, alifariki angali mtoto, na Sigrid akaingia kazi ya ukatibu ofisini kwa miaka kama kumi, akiandika usiku. Riwaya yake ya kwanza ya zama za kale ilikataliwa na mchapishaji, akashauriwa aachane na historia. Vitabu vitatu vya Kristin vilitoka mwaka 1920, 1921 na 1922, akiwa Lillehammer na watoto wa kulea, mmoja wao mwenye ulemavu. Mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel, na fedha zake akazigawa. Mchapishaji yule sijui alijificha wapi.

Kesho yake asubuhi nilitoka kupunga upepo, nikapita Msikiti wa Mandhry hadi kwenye maji. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alilala usiku mmoja kisiwani humu mwaka 1331, wakati ambapo, kwa hesabu ya riwaya, Kristin alikuwa Husaby akilea wanawe. Aliandika kwamba watu wa Mombasa hawakulima nafaka, waliletewa kutoka nje ya kisiwa. Walikula ndizi na samaki. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, na mlangoni palikuwa na kisima cha kunawia miguu. Maelezo mazuri sana. Ila nani aliyepokea nafaka ile bandarini, nani aliyeitia ghalani, nani aliyepika ndizi zile, hakuna neno. Mgeni wa usiku mmoja huonyeshwa msikiti, haonyeshwi jiko. Hicho ndicho kitabu ninachokitamani: Mombasa ya karne ile, iandikwe kuanzia uani.

Niliporudi walikuwa wamefika kwenye hesabu ya kilemba na mkaja, malipo ya wazazi wa bi harusi, na sauti zimepanda. Shangazi akanivuta kando.

"Yule wa kwanza, Simon. Alioa?"

"Alioa mjane tajiri, mke akafa. Halafu akamwoa Ramborg, mdogo wake Kristin."

"Akawa shemeji!" Akapiga kofi. "Na bado anampenda mkubwa?"

"Mpaka kufa kwake."

"Basi masikini Ramborg. Huyo ndiye ningemwandikia kitabu, hao wengine wamejitakia." Akanirudishia sinia. "Na wewe, kando hii umeacha mawe."