Nilivyofanikiwa majirani wasichome mabua, huku kwetu Muheza

Huku Muheza mahindi ya masika yakishavunwa, ikifika mwezi wa nane hivi, moto unaanza. Leo shamba hili, kesho lile, wiki zinapita kijiji kizima kinakohoa. Mama yangu ana pumu, msimu huo dawa yake ya kuvuta haikai mbali na mkono, na hata ufunge madirisha yote moshi unapita pale juu kati ya ukuta na bati, sasa huyo mgonjwa utampeleka wapi.

Sikwenda kugombana na mtu. Nilienda kuuliza kwa nini wanachoma. Kuna mzee tumepakana naye shamba, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, kaa hapo, basi akanieleza vizuri kabisa: "Nikiacha mabua funza wanabaki humo humo ndani, vuli wananirudia. Panya nao wanazaliana. Na kibarua wa kufyeka nimlipe na nini, wakati kiberiti ninacho?" Na kuhusu funza yuko sahihi, funza wa mabua anajificha kwenye bua kavu kiangazi chote anasubiri mvua. Mtu mwenye hoja kama hiyo ukimwambia tu moshi mbaya, ataitikia ndiyo mwanangu na jioni atawasha.

Kwahiyo nikaanza na mabua kwanza, moshi baadaye. Nilitafuta wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, maana Tanga wapo wengi na kiangazi majani ni shida, nikawaambia mabua yapo ila mje mkate wenyewe. Wakaja na guta na vibarua wao, wanakata bua chini kabisa usawa wa udongo, wakifika nyumbani wanayakatakata vipande vidogo wanachanganya na pumba na molasi. Yale magumu wasiyoyataka tukayalaza chini juani, hatukuyaacha yamesimama, maana bua lililolala linapigwa na jua na funza wengi wanakufa humo ndani. Baadaye yakawa matandazo kati ya mistari, udongo unashika unyevu na magugu yanapungua. Mchwa walikuja ndiyo, ila kwangu walihangaika na mabua makavu. Panya sitadanganya, wapo, na hilo bado linanisumbua.

Mzee alipoona shamba limesafishwa na hajatoa hela, hapo ndo akaniuliza habari za moshi mwenyewe.

Nikamfungulia kwenye simu ramani ya moto ya NASA, inaitwa FIRMS, haina malipo, bando lako tu. Satelaiti ikipita juu inaona joto, pale penye moto inaweka kidoti chekundu. Moto mdogo wa jioni unaweza ukapitwa, lakini ukiangalia msimu wa kiangazi Afrika yetu imejaa vidoti mpaka unashtuka. Akasogeza simu karibu na macho, akauliza, "Na huku kwingine je?" Nikamwonyesha India, majimbo ya Punjab na Haryana, wakivuna mpunga mwezi wa kumi na wa kumi na moja wanachoma mabua haraka wapande ngano, na moshi unasafiri mamia ya kilomita mpaka Delhi. Delhi ina magari na viwanda vyake pia, si mabua peke yake, lakini Novemba 2017 hewa ilichafuka mpaka shule zikafungwa. Sasa kutoka kwetu mpaka Tanga mjini hata kilomita 50 hazifiki.

Kilichowaingia majirani zaidi ni habari ya saa ya kuchoma. Wengi wanawasha jioni kwa sababu upepo umetulia na moto hautoroki, na hiyo ni busara kwa upande wa moto. Lakini usiku ardhi inapoa, hewa ya baridi inalala chini na moshi unabanwa hapo hapo mpaka asubuhi. Na bua lenye umande haliwaki, linafuka, moshi wake ndo mzito zaidi. Zile chembe ndogo kuliko zote hazionekani kwa macho na zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo, na mimi kipimo sina, ila kifua cha mama kinatosha kunieleza.

Tukakubaliana hivi: anayeweza kutoa mabua kwa wafugaji atoe, na ambaye lazima achome basi yawe makavu kabisa, marundo madogo madogo, saa nne asubuhi ukungu ukishaondoka na kabla kusi haijachachamaa, na awepo na watu na maji. Si wote wamefuata, upande wa bondeni bado wanawasha jioni. Lakini kwa mashamba yaliyozunguka nyumba yetu mama msimu huu amelala, na wafugaji wameshaanza kuulizia mabua ya vuli wakati mahindi yenyewe hayajapandwa.