Tone liko kitandani, tundu liko dohanini

Nyumba ya mamangu iko Turi, karibu na Molo, na paa lake ni la mbao. Sisemi mbao zilizobeba mabati. Nasema vigae vyenyewe ni vya mti wa mtarakwa, vilivyopasuliwa kwa mkono enzi za mkoloni, na sasa vimepauka hadi rangi ya majivu. Babangu alipoinunua, kila jirani alimwambia ang'oe takataka hiyo aweke mabati. Hakung'oa. Ila kuna jambo moja alilifanya, Mungu amrehemu, ambalo limenigharimu Jumamosi nne.

Aprili Mama alinipigia saa tatu usiku. "Baba, nimehamisha kitanda mara ya tatu." Ananiita Baba kwa kuwa nimebeba jina la babake, na akiniita hivyo huku sauti iko chini, najua mambo yameharibika. Asubuhi nilipanda matatu kutoka Nakuru, mfukoni nina kilo ya misumari ya mabati, ile yenye kofia na mpira. Nilidhani kazi ni kupanda ngazi, kugongelea palipo juu ya kitanda, kushuka na kunywa chai.

Nilipoingia darini na tochi, mbao za juu ya kitanda zilikuwa kavu kabisa. Kilichokuwa pale ni mstari mweusi juu ya boriti, kama njia ya konokono. Niliufuata nikitambaa, mita moja, mbili, karibu nne, hadi kwenye matofali ya dohani. Maji yalikuwa yakiingilia huko, yanateremka na boriti taratibu, yanakuta kifundo cha mbao kimejitokeza, ndipo yanadondoka kwa Mama. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia paa lake linavuja, namuuliza kwanza ameona nini kwenye boriti.

Nilimtafuta mzee mmoja wa upande wa Elburgon aliyewahi kuezeka vigae hivi. Alipanda, akabonyeza kando ya dohani, kidole kikazama kama kwenye ugali. Hapo ndipo siri ya babangu ilipotoka: miaka mingi iliyopita alipaka lami safu zote za upande ule, na chini yake akaingiza karatasi ya nailoni. Kwa bati ingekuwa busara. Kwa mbao alikuwa amezifunga na unyevu wao ndani.

"Huu mti ukiloa na kukauka, unakaa tu," mzee aliniambia. "Huu wenu haujakauka tangu upakwe."

Akanieleza kitu nilichokiona tangu utotoni bila kukielewa. Kigae kimoja kina urefu wa inchi 16, lakini zinazoonekana ni kama 5 tu. Zilizobaki zimejificha chini ya safu za juu, kwa hiyo popote unapogusa kuna mbao tatu zimelaliana. Kati ya kigae na jirani yake kuna mwanya wa kama robo inchi, na mwanya huo haukubaliwi kukaa juu ya mwanya wa safu ya chini. Watu wakiuona wanafikiri fundi alikuwa mvivu. Mbao ikinywa maji hutanuka, na isipopata pa kutanukia inajikunja na kupasuka. Lami ilikuwa imeziba nafasi hizo zote.

Misumari yangu aliicheka. Vigae vinataka msumari mwembamba uliopakwa zinki, miwili kwa kila kimoja, basi, na ipigwe mahali safu ya juu itakapoifunika. Ile ya chuma kitupu huliwa na utomvu wa mtarakwa wenyewe. Tuliyoichomoa ilikuwa imebaki kama sindano.

Mtarakwa wa kununua ungetoka wapi? Ni mti wa asili, haukatwi ovyo. Mzee aliuliza kama hatuna nguzo za ua za zamani. Tulikuwa nazo, nyuma ya shamba la viazi, zimesimama kabla sijazaliwa. Tulizikata vipande vya inchi 16, akavipasua kwa panga nzito na rungu, kila chenye kifundo anakitupa kwenye kuni. Msumeno alikataa: unakata nyuzi za mti, na nyuzi zilizokatwa hunywa maji. Ndani, nguzo ile iliyopauka ilikuwa nyekundu, inanukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi.

Kuingiza kigae kipya katikati ya vya zamani kuna ujanja wake. Kibovu unakipasua kwa tindo na kukitoa vipande vipande, kisha misumari iliyojificha unaikata kwa wembe wa msumeno wa chuma. Kipya unakisukuma ndani lakini unakiacha kimetokeza nusu inchi chini ya wenzake. Unapiga misumari kwa kuilaza, tu pale safu ya juu inapoishia. Halafu unaweka kibanzi na kugonga kigae kutoka chini mpaka kilingane na wenzake, na vichwa vya misumari vinaingia mafichoni. Mara yangu ya kwanza nilipasua vitatu.

Dohani tuliizungushia vipande vya bati kama ngazi, kila kimoja kimelala juu ya mwenzake wa chini na ncha yake imeingizwa kwenye mwanya wa matofali. Msaiprasi uliokuwa unamwaga majani juu ya paa tuliukata matawi. Uchafu ule hushika maji wiki nzima, na ndipo zulia la kijani linapoanza. Hilo nalisugua kwa brashi kavu, nikielekea chini.

Mei mvua ya mawe ilipiga Turi na kupasua vigae viwili. Nimevichomekea vipande vya debe la mafuta lililonyooshwa, vitasubiri kiangazi. Upande wa veranda bado una lami, na nguzo zimebaki kumi na moja. Kitanda kimerudi mahali pake. Karai nalo Mama ameliacha uvunguni, na nilipotaka kulitoa aliniuliza kama ni langu.