Mama anasema niko Bungeni

Kosa lilikuwa langu. Nilipopata kazi hii nilimpigia mama Morogoro nikamwambia, "Mama, boksi nimeacha, sasa niko serikalini. Nipo kwenye jengo la Bunge la jimbo." Hakusubiri nimalize. Jumapili ile ile habari ilifika jumuiya, na kabla ya Jumatano mjomba, ambaye hajawahi kunipigia tangu niondoke, alikuwa ananiulizia viza ya mwanawe.

Mimi nafanya usafi. Nafagia, napiga deki, nabeba takataka, naangalia sabuni isiishe vyooni. Ni Olympia, makao makuu ya jimbo la Washington, Marekani, lile la upande wa Pasifiki, si kule anakokaa Rais. Hili nimelieleza mpaka nimechoka.

Mwajiri wangu anaitwa Department of Enterprise Services, sisi tunasema DES. Ukitaka kuielewa Kitanzania, chukua TBA kwa ajili ya majengo na GPSA kwa ajili ya manunuzi, chota TEMESA kidogo kwa ajili ya magari, ongeza Mpigachapa wa Serikali, pika sufuria moja. Na ndivyo ilivyopikwa kweli: mwaka 2011, enzi za gavana Christine Gregoire, hazina ikiwa imekauka baada ya mdororo wa uchumi, waliunganisha idara kadhaa na vipande vya idara nyingine, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba. Magazetini huisikii. Lakini hakuna ofisi hapa inayowasha taa, kununua karatasi au kuegesha gari bila mkono wake kupita mahali fulani.

Ina hata ziwa. Sitanii. Chini ya kilima cha Bunge kuna Capitol Lake, maji waliyoyaziba kwa ukuta wa bwawa mwaka 1951 ili jengo lipate kioo cha kujitazamia. Matope yakajaa, na mwaka 2009 wakaligundua limeingiliwa na konokono wadogo wa New Zealand, likafungwa kwa watu na mitumbwi mpaka leo. Sasa mpango ni kuuondoa ukuta huo, bahari iingie na kutoka kama zamani. Yaani watu wa viti na sabuni ndio wenye dhamana ya konokono.

Jengo lenyewe ni la mwaka 1928, na kuba lake linafika futi 287, karibu mita 87. Ngazi za mbele ni 42 kwa sababu Washington ni jimbo la 42 kuingia kwenye muungano. Katikati ya ukumbi inaning'inia taa ya Tiffany ya tani 5 hivi. Mwezi wa kwanza wa kazi nilikuwa nafagia chini yake haraka haraka, maana hapa ardhi hutetemeka. Tetemeko la Februari 2001 lililitikisa jengo hili likahitaji matengenezo makubwa. Halafu kuna sanamu ya shaba ya kichwa cha George Washington. Wageni wanaisugua pua kutafuta bahati. Uso wote umefubaa, pua inang'aa. Kazi ya kuing'arisha wananifanyia watalii.

Msimu mgumu ni Januari, Bunge likianza: siku 105 mwaka witiri, 60 mwaka shufwa. Vikao vikikesha, na sisi tunakesha. Vikombe vya kahawa havihesabiki.

Kilichonishika hasa ni viti. Nyumbani kiti cha serikali unakijua kwa namba ya rangi nyeupe mgongoni, na kikivunjika mguu kinatupwa nyuma ya ofisi kimlee kuku. Hapa kikichoka kinakwenda ghala la Tumwater, jirani tu. Ofisi nyingine za umma hupewa nafasi kwanza, kisha mtu yeyote mwenye pesa yake anaingia na kununua. Meza ninayoandikia haya nimeitoa huko. Kibandiko cha namba bado kipo chini ya droo, sijakibandua. Nikikaa hapo najiona ofisa.

Rafiki yangu, Mkenya wa Tacoma, aliwahi kuomba zabuni DES. Akakosa. Alikuwa ameshajiandaa kulalamika kikwetu, kwamba mshindi alijulikana mapema. Nikamwambia ndani ya siku 3 za kazi aombe kikao cha kuelezwa kwa nini. Akaitwa, wakampitisha kwenye alama zake. Kumbe bei haikuwa shida. Jedwali moja alilijaza nusu. Baada ya kikao alikuwa na siku 5 za kazi za kuweka pingamizi. Hakuweka. Njia nzima alinyamaza, akaja kusema tulipokaribia kwake, "Heri wangeniibia."

Nikajifunza pia kwamba hata lugha inanunuliwa. Wakalimani wa simu nao wako kwenye mikataba ya DES. Jirani yangu, mama wa Kivu, alipokwenda ofisi moja ya serikali na barua asiyoielewa, walibonyeza simu, ikatoka sauti: "Shikamoo mama, nikusaidie nini?" Alilia pale pale kaunta, kisha akamsahihisha mkalimani Kiswahili chake.

Mwezi uliopita nikaamua kumwambia mama ukweli wote, fagio na deki. Akanyamaza kidogo.

"Huo ukumbi wa wabunge, unaingia?"

"Naingia, mama. Kila siku."

"Na posho ya kikao wanakupa?"