Ninavyoendesha mashindano ya picha ya kila mwezi katika klabu ya ridhaa

Mimi ni mratibu wa mashindano katika klabu ya wapiga picha wa ridhaa hapa Dar es Salaam. Wanachama ni wahasibu, walimu, wauguzi na wanafunzi. Baadhi wana kamera za kubadilisha lenzi, wengi wana simu tu. Zawadi zetu ni ndogo, kwa hiyo si zawadi inayomrudisha mtu mwezi unaofuata. Anarudi kwa sababu picha yake ilitazamwa kwa makini na watu wasiojua kwamba ni yake, kisha akaambiwa kitu anachoweza kukifanyia kazi. Utaratibu wote ninaoueleza hapa umejengwa juu ya hilo.

Naanza na mada, kwa sababu ugomvi mwingi huzaliwa hapo. Mada kama "uzuri" au "maisha" haifai, maana hakuna picha isiyoweza kuingia ndani yake, na majaji watapoteza muda wakibishana kama picha imo au haimo. Nachagua kitu kinachoonekana kwa macho: mikono kazini, mlango, foleni, kivuli kirefu. Chini ya mada naandika sentensi 2 za ufafanuzi. Kwa "mikono kazini", kwa mfano, ufafanuzi wangu ni huu: mkono wa mtu uwe ndio kitu kikuu katika fremu, na uwe unatenda kazi. Uso unaweza kuwemo, ila usiwe ndio unaovuta jicho kwanza. Natangaza wiki 4 kabla ya siku ya mashindano.

Majira nayo yana neno lake. Masika, Machi hadi Mei, natoa mada za ndani ya nyumba au za mvua yenyewe. Kusi likishika, mada za ufukweni huwapa shida wenye simu, kwa sababu upepo hubeba chumvi inayotanda juu ya lenzi na picha zote hutoka na ukungu. Ukifuta lenzi ikiwa kavu, chembe za chumvi huikwaruza. Lowesha kidogo kitambaa laini kwa maji safi, pangusa, ndipo umalizie kwa kitambaa kikavu.

Katikati ya wiki hizo 4 huwa na safari moja ya mazoezi. Mahali ninapopapenda ni soko la samaki la Feri. Tunakutana saa 12 kasorobo asubuhi, kwani jua la ukanda huu hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa, na kufika saa 2 na nusu vivuli vya chini ya macho huwa vimeshakuwa vikali. Kabla ya siku yenyewe napeleka barua kwa uongozi wa soko, maana kundi la watu wenye kamera likiingia bila taarifa huonekana kama waandishi wa habari au wapelelezi, na wachuuzi wanafunga mikono. Ikulu ya Magogoni iko jirani, kwa hiyo wote tunakumbushana kwamba lenzi hazielekezwi upande huo. Sakafu ina maji na magamba. Viatu vya mpira vyenye nyayo za kushika ni lazima.

Kila mtu anapewa kikomo cha fremu 36, sawa na mkanda mmoja wa filamu, na kufuta hakuruhusiwi. Zoezi hili linamlazimisha mtu kusimama, kuangalia na kuomba ruhusa. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukiwa unapaa samaki." Akikataa, kamera inashuka, hakuna kubembeleza.

Tatizo la kiufundi linalojirudia pale ni mwanga. Mchuuzi mweusi kavaa fulana nyeupe, nyuma yake bahari inang'aa. Kamera hupima fremu nzima ikatafuta wastani wa kijivu, uso ukazama gizani. Mwenye kamera atumie upimaji wa doa, yaani kamera ipime mwanga wa sehemu ndogo tu ya fremu, apime usoni, kisha apunguze kama hatua 1 ya mwanga, yaani nusu yake, kwa kuwa kamera itataka kuugeuza uso mweusi kuwa kijivu cha kati na kuupausha. Mwenye simu aguse uso kwenye kioo, halafu atelezeshe alama ya jua chini kidogo mpaka ngozi irudi kwenye rangi yake. Bahari ya nyuma itaungua, yaani itatoka nyeupe tupu. Iache iungue, au msogee wote wawili mpaka nyuma yake pawe na kivuli cha paa. Kwa kisu kinachokata, mwendo wa shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, usiwe chini ya 1/500 ya sekunde, labda kama unataka mkono uonekane ukitembea, na hapo shuka hadi 1/30 huku umeegemea nguzo.

Sasa mapokezi ya picha. Kila mwanachama analeta picha 2, moja ya mada na moja ya huria. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp siipokei, kwa sababu programu huipunguza ukubwa, huibana na kuifuta taarifa za kamera. Ikitumwa kama dokumenti hufika ilivyo, ingawa napendelea barua pepe au fomu ya Google yenye sehemu ya kupakia faili. Vipimo ni JPEG, upana usiozidi pikseli 1920 na kimo kisichozidi 1080, kwa sababu ndivyo vipimo vya projekta yetu. Watu husahau kwamba picha ya wima inabanwa na kile kimo cha 1080, hivyo mtu anatuma yenye kimo cha 1920, programu inaipunguza yenyewe hapo hapo na ukali wa mistari unapotea. Rangi ziwe za sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini. Aliyehifadhi kwa Adobe RGB, mfumo wenye rangi pana zaidi, anaweza kukuta kitenge chekundu kimepauka kwenye skrini, kwa kuwa programu nyingi za kuonyesha picha hazitafsiri mfumo ule.

Nikishapokea naweka mafolda 2. La kwanza lina faili asili na majina ya wenyewe, na halifunguliwi mbele ya majaji. La pili lina nakala zenye namba tu, 01, 02, 03, na nakala hizo nazifuta taarifa zote za ndani: jina la mmiliki, aina ya kamera, mahali. Picha yenye sahihi pembeni narudisha. Mpangilio nauvuruga kwa bahati nasibu, kisha nahakikisha picha 2 za mtu mmoja hazifuatani, maana jicho lililozoea hutambua mkono wa mtu.

Je, simu na kamera zitenganishwe? Kwa picha za skrini nakataa. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo, na hata simu ya kawaida inazo mara kadhaa zaidi ya hizo. Tofauti huja usiku, au kwa ndege wa mbali, na mada zangu haziegemei huko. Ninachotenganisha ni wanaoanza na wazoefu.

Projekta naiwasha nusu saa kabla. Ndani ya kompyuta nina picha moja ya majaribio: ukanda wa vibao 11 kutoka nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa. Vibao 2 vya giza vikishikana vikaonekana kimoja, naongeza mng'ao. Vya upande wa mwanga vikishikana, napunguza kontrasti. Bila ukanda huu, mwenye picha ya usiku anahukumiwa kwa kosa la projekta. Nazima pia kile kipengele cha kompyuta kinachogeuza skrini kuwa ya manjano jioni, na projekta naitoa kwenye hali ya rangi kali iliyokusudiwa kwa maonyesho ya biashara. Mapazia yashushwe. Projekta yetu ni ya taa, na umeme ukikatika ghafla feni yake husimama taa ikiwa bado ya moto, jambo linalofupisha maisha ya taa. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inatosha kuipa dakika chache za kupoa.

Majaji ni 3, na angalau 1 atoke nje ya klabu. Nawapa kwanza picha 5 za miaka ya nyuma, wazipe alama, kisha wazungumze kwa nini wametofautiana. Baada ya hapo kila mmoja anajua 6 ya mwenzake maana yake nini. Alama ni 1 hadi 9 kwa picha nzima. Ile karatasi ya kugawa alama, utunzi 3, ufundi 3, mada 3, nimeiacha: picha safi isiyosema lolote huokota 2 kila safu na kuipita picha yenye nguvu iliyotikisika kidogo.

Picha zote zinapita mara moja bila kupewa alama, sekunde 8 kila moja, kwa sababu jaji asiyejua kinachokuja huibania picha ya kwanza. Mzunguko wa pili ni sekunde 25, na jaji anaandika kwenye karatasi yake kimya. Alama zikitajwa kwa sauti, jaji wa pili na wa tatu humfuata wa kwanza. Kwa picha 40 mizunguko yote miwili inachukua kama dakika 22.

Kujumlisha alama pekee kuna mtego ambao vilabu vingi havijauona. Chukua picha A iliyopata 6, 6 na 9, jumla 21. Picha B imepata 7, 7 na 5, jumla 19. Majaji 2 kati ya 3 wanaipenda B zaidi, lakini mshindi anakuwa A, kwa sababu tu jaji wa tatu hutoa alama zinazoachana sana. Kwa hiyo kwangu jumla ni chujio tu. Picha 6 za juu zinarudishwa pamoja kwenye skrini, kila jaji anazipanga kuanzia 1 hadi 6, na yenye jumla ndogo ya nafasi ndiyo mshindi. Wakifungana, naangalia nani ana nafasi za kwanza nyingi zaidi. Wakizidi kufungana wanagawana.

Kabla ya kutangaza, wenye picha 3 za juu wananipa faili la RAW, yaani faili ghafi la kamera, au JPEG kama lilivyotoka kwenye simu. Kukata, kurekebisha mwanga na rangi, kufuta madoa ya vumbi lililo juu ya sensa, kile kihisi cha mwanga ndani ya kamera, kugeuza nyeusi na nyeupe, yote yanaruhusiwa. Kuongeza au kuondoa kitu hakuruhusiwi katika picha za mada, na picha iliyotengenezwa na akili mnemba, nzima au kipande, haiingii popote. Kwa mada za viumbe pori nafuata fasili wanayoshirikiana FIAP, shirikisho la kimataifa la wapiga picha, PSA, chama cha Marekani, na RPS, chama cha Uingereza: alama za binadamu zisiwemo, isipokuwa pale zinapokuwa sehemu ya maisha ya kiumbe chenyewe. Kunguru wa Dar juu ya jalala anaingia, kwani huko ndiko anakoishi. Simba wa bustani ya wanyama haingii.

Kisha maoni, dakika 1 kwa kila picha, na hapa siruhusu njia ya mkato hata kama watu wamechoka. Jaji haambiwi aseme "nzuri" au "ingekuwa kali zaidi". Aseme jicho lake limeenda wapi kwanza, limekwamia wapi, na jambo 1 la kubadilisha. Maoni ninayoyataka yana sura hii: "Jicho langu limekwenda kwenye ndoo nyeupe kushoto kabla ya mikono ya mama, kwa sababu ndoo ndiyo inayong'aa kuliko vyote. Ungepiga hatua moja kulia, mwili wake ungeiziba." Mwenye picha hajulikani bado, kwa hiyo hajitetei. Anaandika.

Mara 2 kwa mwaka tunashindana kwa picha zilizochapwa, ukubwa wa A4. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 2480 kwa 3508, na simu ya megapikseli 12 inaitosheleza. Ukikata nusu ya upana na nusu ya kimo, unabaki na kama nukta 170, na nywele zinaanza kuwa uji. Unyevu wa pwani hupinda karatasi. Usigundishe kona zote 4: karatasi hutanuka ikakosa pa kwenda, ikajikunja mawimbi. Weka gundi ya utepe ukingo wa juu tu, nyuma, ining'inie juu ya ubao. Taa iwe juu, ikipiga kwa nyuzi 45, vinginevyo karatasi ya kung'aa itamwonyesha jaji taa badala ya picha.

Kuhusu haki, fomu yetu ina sentensi 2. Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, kama inavyoelekeza Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na klabu inaweza tu kuonyesha picha kwa jina la mwenyewe, si kuiuza. Ya pili inahusu watu waliomo: kwa mtoto nataka ridhaa ya mzazi kwa maandishi, kwa mtu mzima anayetambulika angalau namba ya simu aliyoitoa mwenyewe. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili si la hiari tena.

Alama za mwaka nazihesabu kwa miezi 8 bora kati ya 10, kwa sababu muuguzi wa zamu za usiku au mwanafunzi aliye kwenye mitihani hatakosa kukosa mwezi. Desemba na Januari tunapumzika. Karatasi za majaji nazipiga picha jioni ile ile na kuziweka kwenye folda la mwezi pamoja na faili asili, nakala moja kwenye diski ya nje nyumbani kwangu, nyingine kwa katibu.