Mgongo wa Hercules, maji ya Salmacis

Hendrick Goltzius, msanii wa Haarlem, Uholanzi, alimchonga Hercules, shujaa wa ngano za Kigiriki, kwenye bamba la shaba ili achapwe karatasini, naye anaonekana kwa nyuma: mgongo mpana, matufaha mkononi, na chini wanaume wawili wadogo wanamkodolea macho. Mistari hunenepa penye kivuli na kukonda penye mwanga. Siri ni kichongeo, chuma chenye ncha kali: kinazamishwa kwenye bamba, kisha kinainuliwa taratibu.

Lakini anayenigusa zaidi ni mchongaji mwingine, Magdalena de Passe. Mwaka 1623 alichonga Salmacis na Hermaphroditus, hadithi ya Ovid, mshairi wa Roma ya kale, ambamo mwanamke, Salmacis, ndiye anayemtaka kijana kwa nguvu, hadi miili yao inaungana majini. Anayewinda ni mwanamke, na aliyeshika kichongeo ni mwanamke. Hilo si dogo hata kidogo.

Ukijaribu kuchapa hapa Dodoma, lowesha karatasi nene ya pamba na uifunge ndani ya nailoni usiku kucha. Upepo wetu wa Julai huikausha upesi, na karatasi kavu haishuki kwenye mifereji iliyochongwa kwenye bamba kufuata wino, kwa hiyo mistari myembamba hutoka imekatika. Futa wino wa juu tu, wa mferejini uuache. Na picha hugeuka: mkono wa kulia kwenye bamba huwa wa kushoto kwenye karatasi.