Dema lililokataa kuachia samaki

Miezi minne ya mwanzo ya masomo yangu ya uzamivu (PhD) ya kemia huko Uingereza iliishia kwenye kuosha vyombo na kumwaga kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Kilitakiwa kiwe maji maangavu.

Nilikuwa natengeneza vizimba vya molekuli. Mwaka 1995 kundi la mkemia Makoto Fujita nchini Japani lilionyesha kwamba atomi 6 za metali ya paladiamu na molekuli 4 bapa zenye umbo la pembetatu, zikikorogwa ndani ya maji, hujipanga zenyewe zikawa kizimba chenye uwazi katikati. Kizimba kizima kina chaji chanya 12, kwa hiyo kinayeyuka majini bila taabu. Ndani yake, lakini, kuta hazipendi maji. Molekuli za kikaboni ambazo majini zingeelea tu kama mafuta juu ya mchuzi hukimbilia humo, zinabanana, na zikibanana zinamenyuka.

Kosa langu lilikuwa kloridi. Paladiamu niliyoanza nayo ilikuwa imeshikana na kloridi, na dawa yake ni nitrati ya fedha: fedha huichukua kloridi na kuganda nayo kama mtindi, wewe unachuja. Nilikuwa na haraka, nachuja baada ya saa moja, tena kwa karatasi ya kawaida. Kloridi iliyobaki ikawa inang'ang'ania paladiamu mahali ambapo pembetatu ilitaka kushika. Nilipojifunza kuifunika chupa kwa foili, kuiacha ikorogwe usiku kucha gizani na kuchuja mara mbili, nilipata maji maangavu. Vidole vilibaki vyeusi wiki nzima kwa sababu ya ile fedha, maana glavu nilivaa nilipokumbuka. Kisha nikatia unga wa pembetatu, mweupe kama sembe, ambao peke yake hauyeyuki majini hata uufanyeje. Nikaupasha moto, nikaenda kulala. Asubuhi unga haupo.

Mmenyuko niliotaka kuurudia ulichapishwa na kundi hilohilo mwaka 2006. Molekuli ya jamii ya anthrasini ina pete tatu zilizopangana mstari mmoja, na ikikutana na maleimidi, molekuli nyingine ndogo ya kikaboni, kwa kawaida hushikwa kwenye pete ya katikati. Ndani ya kizimba hushikwa kwenye pete ya pembeni, kwa kuwa nafasi ni finyu na hakuna namna nyingine ya kukaa. Nilitia unga wa manjano wa anthrasini pamoja na maleimidi, nikachuja uliobaki, nikaweka kwenye nyuzi 80 kwa saa tano. Kwenye NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomi za molekuli ziko katika mazingira gani, vilele vya wageni, yaani molekuli nilizotia, vilikuwa vimehamia kulia, ishara kwamba wamo ndani. Nikalikamua zao, yaani kilichotokana na mmenyuko, kwa klorofomu: pete ya pembeni! Nilimpigia simu msimamizi wangu usiku, jambo ambalo huko halifanywi.

Swali lake la kwanza: "Kizimba kimoja kimefanya kazi mara ngapi?"

Mara moja. Nilipopunguza vizimba hadi sehemu moja ya kumi, zao nalo likashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Zao lilikuwa linakaa ndani, limeziba mlango. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko kisha kinabaki huru kuurudia; kisichoachia si kichocheo, na mimi niliyekulia Tanga ningepaswa kuliona hilo mapema: nilikuwa nimesuka dema, ule mtego wa samaki. Samaki anaingia, hatoki, mpaka mwenye dema aje.

Suluhisho lilikuwa kwenye makala ileile, sehemu niliyoiruka kwa sababu picha yake haikuwa nzuri. Kwenye kila pembe ya pembetatu unaisogeza nitrojeni nafasi moja tu. Paladiamu ni zilezile 6, pembetatu ni 4, ila badala ya kizimba linatoka bakuli. Anthrasini ikiwa bapa inalala vizuri kwenye sakafu ya bakuli. Ikishamenyuka inapinda katikati, haikai tena, inatoka, na nyingine inaingia. Nilitumia bakuli kwa asilimia 10 tu ya idadi ya molekuli za anthrasini, joto la kawaida la chumba, na anthrasini yote ikaisha.

Hasara ipo: bakuli linarudisha zao la kawaida, la pete ya katikati. Ule uajabu wa pembeni umepotea, na hadi leo naona ni bei kubwa.

Jumapili nikampigia baba mdogo, mvuvi. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote kwa mfano wa dema. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo umetengeneza dema ambalo samaki anaingia, halafu anatoka mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Na huko wanakulipa?"